Siku Moja Maishani Mwangu: Kubadilisha Makanga Gari Likiwa Mbioni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye matatu kutoka Githurai, shingo imepinda dirishani, usingizi haujaisha. Pale Roysambu makanga aliruka chini na mwenzake akadandia, akaanza kudai nauli kuanzia kiti kile kile mwenzake alichoachia. Hakuna abiria aliyeshuka, na wengine hata hawakuamka. Nikacheka peke yangu, maana kazi iliyokuwa ikinisubiri ilikuwa hiyo hiyo.

Saa mbili nafungua duka la uchapishaji, ghorofa ya pili, River Road, Nairobi. Tuna kompyuta tano kuukuu, kila moja na kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 2, zote zinatumia Linux. Mdosi ameona mahali madirisha ya kompyuta yenye vivuli, basi na yeye anataka vivuli. Kwa hiyo leo namtoa Openbox, namweka xfwm4; wote wawili ni programu za kusimamia madirisha ya skrini.

Wengi hudhani madirisha ni mali ya msimamizi wa madirisha. Sivyo. Dereva ni seva ya X, mfumo ulioanzia MIT mwaka 1984: ndiye anayeishika skrini, kibodi na kipanya. Msimamizi ni makanga tu. Huyavisha madirisha fremu na vichwa, huyasogeza, huamua lipi likae juu. Kiti chake ni kimoja, kinaitwa WM_S0. Anayekuja na neno `--replace` humwomba aliyekalia aondoke, naye akiwa na adabu zake huondoka.

Saa tatu na robo naandika `xfwm4 --replace`, napiga Enter. Skrini ikawa nyeusi. Kijana wetu wa kuchapa alikuwa na kurasa sita za mtihani wa shule fulani, hakuwa amehifadhi hata mstari. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa simu.

Kosa lilikuwa langu, tena la miezi. Skrini ya picha ya kompyuta ile huwashwa kwa amri ya `startx`, na mstari wa mwisho wa `.xinitrc`, faili la maagizo ya kuanzia, niliuandika mwenyewe: `exec openbox`. X hungoja programu ya mstari huo. Ikitoka, kipindi kizima kinafungwa pamoja na kila kilichokuwa wazi. Yaani nilimkabidhi makanga ufunguo wa gari, kisha nikamwambia ashuke.

Nikarekebisha. Msimamizi nikamwanzisha kwa alama ya `&`, yaani afanye kazi pembeni bila kungojwa, na mstari wa mwisho nikauweka `exec xterm -iconic -T USIFUNGE`. Sasa kipindi kinashikiliwa na kidirisha kile kilichojikunyata, na makanga wanaweza kupokezana wapendavyo.

Saa saba, chapati madondo. Tuendelee.

Saa nane unusu akaingia mama mmoja na kitini cha mazishi ya mumewe, kurasa kumi na mbili, picha nyingi, ibada ni kesho asubuhi. Tukakifungua, tukaanza kupanga picha, na vivuli vya mdosi vikaanza kutuonyesha gharama yake: ukisogeza dirisha, linakuja nyuma ya kipanya kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika `openbox --replace &`. Vichwa vya madirisha vikatoweka kufumba na kufumbua, vikarudi na sura nyingine.

"Kijana, umekifuta?"

"La, mama. Kiko vile vile, angalia."

Akaangalia, akashusha pumzi. Nami kwa kujiona nimefaulu nikaifunga ile terminali, na Openbox akafa nayo, kwa sababu terminali ikifungwa huwatumia watoto wake ishara ya kuondoka. Kitini bado kiko skrini, lakini hakina kichwa wala fremu, hakisogei, na herufi zinaingia popote kipanya kilipo. Mama ameanza kushika mkoba.

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, nikahamia skrini ya maandishi matupu. Nikaingia kwa jina lile lile la mtumiaji, nikaandika `export DISPLAY=:0` kumwelekeza kwenye skrini ya picha, halafu `setsid openbox &`, ili safari hii asife na terminali. Niliporudi kwenye skrini ya picha, vichwa vyote vilikuwa mahali pake na hata nukta moja ya kitini haikuwa imepotea. Bila ukarabati wa asubuhi ningekuwa nalia pamoja na mama.

Saa kumi mdosi akauliza kwa nini tusihamie Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X, amesikia ndiyo ya kisasa. Nikamweleza kwamba kule, kwa kawaida, dereva na makanga ni mtu mmoja. Ukitaka kumbadilisha, mara nyingi gari linasimama na abiria wanashuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza habari za vivuli. Nikamwambia vimeenda kupumzika.

Saa kumi na mbili nakala zimefungwa kwenye karatasi za kaki, mama ameondoka, nami nazima taa. Kijana wa kuchapa bado ameinamia kompyuta.

"Kaka, hiki kidirisha cha USIFUNGE, nikikifunga kitafanya nini?"

Kabla sijafungua mdomo, skrini ikawa nyeusi.

"Hivyo," nikamjibu, nikachukua begi.