Mahamri na vitendawili baada ya Isha

Nyumba zetu za Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, na saa ile watoto wakianza kuzozana, hapo ndipo pa kukandia unga wa mahamri ya asubuhi.

Nusu kilo ya unga wa ngano, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vinne vya kulia, iliki iliyopondwa, na tui zito kama kikombe kimoja. Tui liwe vuguvugu. Likiwa moto sana hamira hufa, na mahamri hayafuri hata uyakande vipi.

Kila mtoto apewe donge lake. Donge moja kwa wote ni ugomvi.

Kukanda kwataka kama dakika 15, na mikono yenye unga haishiki simu. "Kitendawili!" "Tega!" Aanze mdogo kabisa, maana wakubwa wakianza wao humaliza majibu yote na mdogo hununa. Mpe vyepesi: nyumba yangu haina mlango (yai), kila niendapo anifuata (kivuli). Wakishindwa, mtegaji adai mji. Hapo ndipo kicheko kilipo: apewe Faza au Pate, na kabla ya kutoa jibu asimulie alivyofika huko na aliyokula. Bibi akiwapo, mwachieni yeye mji wa kwanza. Hakuna asimuliaye kama yeye.

Msimu wa kaskazi, kwa joto lile, unga ukandwe usiku sana na hamira ipunguzwe. La sivyo alfajiri unakuta umechachuka.