Siku Moja Kabla ya Usaili wa Uhadhiri

Saa 12 asubuhi. Usaili ni kesho saa 4. Nafungua tena tangazo la kazi, na mbele ya kila sifa inayotakiwa naandika ushahidi wangu: kozi niliyofundisha, makala niliyochapisha, wanafunzi niliowasimamia. Jopo hutoa alama kwa kufuata sifa hizo, na "mimi ni mchapakazi" haina alama.

Saa 2. Niko kwenye tovuti ya idara. Kaulimbiu ya chuo naipita, nakwenda moja kwa moja kwenye orodha ya kozi. Kemia ya udongo ipo mwaka wa pili, ila haina mhadhiri. Hapo ndipo pa kubishia hodi.

Saa 3 hadi saa 7 nafanyia mazoezi mhadhara wa majaribio wa usaili. Nimepewa dakika 20, mada ni fosforasi kwenye udongo wenye asidi, wasikilizaji wachukuliwe kuwa mwaka wa kwanza. Naanza na swali: mkulima ametia mbolea ya fosfeti, mbona majani ya mahindi yake bado yana rangi ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi? Kisha nanyamaza kidogo, wafikiri. Wakishahangaika ndipo naeleza kwamba chuma na alumini zilizomo kwenye udongo huo zimeikamata fosforasi, imo shambani lakini mizizi haiipati. Ndiyo maana chokaa husaidia: hupunguza asidi, na mshiko huo hulegea. Najipima kwa saa: dakika 24. Naondoa milinganyo yote miwili, ingawa ndiyo niliyokuwa najivunia.

Saa 9 alasiri rafiki yangu, mwalimu wa fasihi, ananisaili kwa simu. Nimemtaka yeye makusudi, maana jopo halikosi mtu wa fani nyingine.

"Tasnifu yako inahusu nini?"

Sijamaliza sentensi ya pili ananikatiza: "Ndugu yangu, mimi nimeshalala."

Tunarudia mpaka anaelewa. Halafu ananibana: utafiti wako wa miaka mitano ijayo ni upi, na hela zitatoka wapi? Hilo linanichukua jioni nzima.

Saa 1 usiku napanga vyeti halisi na nakala zake. Slaidi naziweka kwenye flashi, pamoja na nakala ya PDF, kwa kuwa kompyuta za watu huvuruga fonti.

Saa 3. Naandika maswali yangu kwa jopo: vipindi vingapi kwa wiki? Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Maabara ina vifaa vya kupimia fosforasi? Mshahara wauanze wao.