Daftari la mgonjwa na shilingi bilioni 104.8

Nje ya vituo vingi vya afya vya umma hapa Nairobi kuna kibanda kinachouza madaftari ya shule, na wanunuzi wake wakubwa ni wagonjwa. Daftari hilo ndilo faili. Daktari anaandika humo, mgonjwa analibeba nyumbani, na siku likisahaulika kwenye matatu, historia ya presha na sukari ya miaka mingi inaanza upya ukurasa wa kwanza.

Mimi ni afisa wa rekodi katika kituo kimoja cha afya huku Eastlands. Kazi yangu ni rejista: MOH 204 ya wagonjwa wa nje, MOH 405 ya kina mama wajawazito, na mwisho wa mwezi kuhesabu kila mstari na kuingiza jumla kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao Kenya inautumia nchi nzima tangu 2011. Kwa hiyo wizara inajua watoto wangapi waliharisha kwetu mwezi uliopita. Lakini shosho akija kutoka Kayole bila daftari lake, hakuna mfumo unaomwambia daktari wetu alipewa dawa gani huko. Nazitaka rekodi za kielektroniki, na ninazitaka kwa dhati.

Ndiyo maana naumizwa na namna tunavyozilipia. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2023, na kufikia tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilikuwa imeanza kazi nchi nzima. Hata mwaka mmoja haukutimia. Mkataba wa mfumo wake wa kidijitali, uliopewa muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom, ni wa shilingi bilioni 104.8 kwa miaka 10. Gawanya kwa Wakenya waliohesabiwa mwaka 2019, ni kama shilingi 2,200 kwa kila mmoja, mtoto mchanga akiwemo. Kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, akaripoti mwaka 2025 kwamba umiliki wa mfumo huo hauko mikononi mwa serikali. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko bei yenyewe. Rekodi ya mgonjwa inaishi muda mrefu kuliko mkataba wowote.

Na bei hiyo, hata ingekuwa nusu, isingegusa gharama ninayoiona kila asubuhi: mtu wa kuandika. Muuguzi mwenye foleni inayofika getini akiambiwa aingize kila kitu kwenye kompyuta, na bado ajaze rejista ya karatasi kwa sababu stima inapotea, kazi yake imekuwa mbili.

Chumba cha huduma za HIV kimenifundisha hili. Mbegu ya mfumo wake wa rekodi za kielektroniki ilipandwa mwaka 2001 Mosoriot, karibu na Eldoret, kituo kimoja tu cha afya mashambani. Kutokana na kazi ya huko ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, na juu yake ikajengwa KenyaEMR, toleo la Kenya, iliyoanza kusambazwa takriban mwaka 2012. Ilikwenda polepole, ikarekebishwa, ikawa na makarani wake wa data. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na makarani waliolipwa kwa fedha hizo wakaambiwa waende nyumbani. Kompyuta zilibaki mezani. Aliyeondoka ni yule aliyezifanya ziwe na maana.

Uingereza, yenye pesa kuliko sisi, ilianza mpango wake wa kitaifa wa rekodi za kielektroniki mwaka 2002 kwa mikataba mikubwa iliyoamuliwa kutoka juu. Accenture ikajitoa 2006, Fujitsu ikaondoka 2008, na Septemba 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Mabilioni ya pauni yalikuwa yameshatumika.

Ningepewa nafasi ya kupanga, ningeanza na kliniki mbili tu katika kila kituo: wajawazito, na wenye presha na sukari. Hao hurudi mara kwa mara, na kwao kukosa rekodi kunaweza kuua. Ningeajiri karani wa kudumu kwa kila kliniki, mshahara wake ukiwa kwenye bajeti ya kaunti, si ya mfadhili. Wagonjwa wa homa na kikohozi wangesubiri mwaka wa tatu, hata wa nne. Na kabla ya shilingi nyingine kulipwa, ningetaka iandikwe kwenye mkataba kwamba mfumo na kila kilichomo ni mali ya umma.