Kabla sijaajiri mtu wa pili

Kila tukikutana kwenye shughuli za Watanzania hapa Northampton, lazima atokee mtu aniulize: "Dada, kazi zimekujaa namna hiyo, mbona huajiri?" Wengine wanauliza kwa nia njema tu. Wengine wana shemeji aliyeingia juzi na wanamtafutia pa kuanzia. Nikijibu kwamba bado napiga hesabu, naona kabisa wameshanihukumu kuwa ni mchoyo.

Basi hesabu yenyewe naiweka hapa. Najua tuko wengi Uingereza tulioanza na ndoo, dekio na Henry, ile mashine nyekundu ya kufyonza vumbi yenye uso wa kucheka, halafu tukajikuta na wateja wengi kuliko mikono.

Kazi zangu za usafi ni za namna tatu. Asubuhi ni nyumba za watu, masaa mawili hapa, matatu pale, wengi wao kila wiki. Jioni ni ofisi. Katikati zinaingia zile za mpangaji anayehama: dalali anapiga simu Alhamisi, nyumba inakabidhiwa Jumamosi, oveni haijaguswa tangu mpangaji aingie, bafu limeganda chokaa, na amana ya mtu inategemea mikono yako. Hizo zinalipa vizuri ila hazina ratiba. Sasa mteja wangu mmoja wa ofisi, upande wa Brackmills kwenye yale maghala, amehamia jengo kubwa zaidi. Anataka usafi wa masaa matatu kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Mimi nina watoto wa shule na mgongo ambao umeshaanza kulalamika. Peke yangu haiwezekani. Ama niajiri, ama niiache kazi iende kwa mwingine.

Nyumbani hili lisingekuwa jambo la kuandikia. Ukizidiwa unamwita binti wa jirani, mnakubaliana bei mlangoni, kesho yupo. Huku ukimlipa mtu mara kwa mara, wewe ni mwajiri. Unajiandikisha HMRC, mamlaka ya kodi, yaani TRA ya huku, kabla ya siku ya kwanza ya mshahara. Unakata PAYE, ile kodi ya mshahara, unampa slipu ya mshahara, na kila unapomlipa unawatumia taarifa kwa kompyuta. Masharti ya kazi anatakiwa ayapate kwa maandishi siku ile ile anapoanza. Haya kwa kweli hayanitishi. Programu ya HMRC ni ya bure kwa mwenye wafanyakazi chini ya 10, na jioni moja ya kukaa nayo inatosha kuielewa. Kinachonitisha ni bei ya saa.

Kima cha chini kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa paundi 12.21 kuanzia Aprili 2025, na Aprili 2026 kikapanda hadi 12.71. Wenzangu wengi wanaishia hapo: namtoza mteja 18, namlipa mtu 12.71, inayobaki ni yangu. Hapana. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya wiki 5.6 kwa mwaka yenye malipo, hata akifanya masaa machache. Kwa mtu ambaye masaa yake hayatabiriki, likizo hiyo hukokotolewa kwa asilimia 12.07 ya masaa aliyofanya. Iweke juu ya ile 12.71 na saa moja inakugharimu 14.24. Na hapo hujagusa kitu kinachoua biashara nyingi za usafi kimya kimya, nacho ni barabara.

Muda wa mfanyakazi kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mteja mwingine ni muda wa kazi. Kutoka kwake kwenda kwenye nyumba ya kwanza haihesabiwi, lakini kutoka nyumba ya kwanza kwenda ya pili inahesabiwa, na usipoilipa unaweza kujikuta umemlipa chini ya kima cha chini bila kujijua. Sasa chukua wateja wangu wawili, mmoja Duston, mwingine Wellingborough. Barabara ya A45 ikiwa imetulia ni kama dakika 25. Ile nyumba ya Wellingborough ni masaa mawili kwa paundi 18, jumla 36. Mfanyakazi nitamlipa masaa mawili na dakika 25, ambayo kwa 14.24 ni paundi 34 na senti 40 hivi. Imebaki paundi moja na nusu, na humo sijatoa petroli wala sabuni. Mlango wa mtu ukifungwa na tukasubiri robo saa nje, nimefanya kazi kwa hasara.

Mimi mwenyewe nikienda, ule muda wa barabarani hakuna anayenidai. Ndiyo maana nyumba hizi zinanilipa mimi na haziwezi kumlipa mtu mwingine. Ili zimbebe mfanyakazi ingebidi nitoze 22 au 23, na wateja wa nyumbani wana kitu kingine ambacho hakionekani kwenye karatasi: wanamnunua mtu, usafi unakuja baadaye. Nina bibi mmoja mjane ambaye nusu ya muda wangu kwake ni kunywa naye chai. Nilimgusia kwamba huenda siku moja nitamtuma mwenzangu, akanijibu kwa upole kwamba afadhali abaki na vumbi lake. Halafu kuna funguo. Kumi na kitu za nyumba za watu zimening'inia kwenye kabati langu, na kila moja nimepewa mimi kwa jina langu.

Ofisi ni habari tofauti kabisa. Ofisi hainywi chai na mtu. Wanachotaka ni wakiingia asubuhi mapipa yawe matupu, vyoo vinukie vizuri, sakafu isinate. Hakuna barabara katikati, mtu anaingia, anapiga deki, anafunga, anawasha kengele ya ulinzi, anakwenda kwake. Nimewatoza paundi 20 kwa saa, jioni moja 60, wiki 300. Kwa 14.24 mfanyakazi wa masaa 15 ananigharimu kama 214. Hapo pana nafasi ya kupumua.

Nikaendelea kuchimba. Mwajiri hulipa mchango wa bima ya taifa (National Insurance) wa asilimia 15 juu ya mshahara unaozidi paundi 5,000 kwa mwaka. Hilo lilininyima usingizi mpaka nilipojua kwamba waajiri wadogo wanasamehewa hadi paundi 10,500 za mchango huo kwa mwaka. Kwa mtu kama mimi, mwenye biashara kwa jina lake, maana yake ni sifuri. Ila wewe uliyefungua kampuni na unayelipwa humo ni wewe mkurugenzi peke yako, msamaha huo huupati, kwa hiyo usiige hesabu yangu kichwa kichwa.

Pensheni nayo ina utamu wake. Unalazimika kumwingiza mfanyakazi mwenye miaka 22 na zaidi akipata zaidi ya paundi 10,000 kwa mwaka, ambayo kwa wiki ni kama 192. Masaa 15 kwa 12.71 ni paundi 190.65. Yaani unapita chini ya kamba kwa paundi moja na senti! Nilipoiona namba hiyo nilicheka peke yangu jikoni, maana nikakumbuka matangazo mangapi ya usafi nimeyaona ya masaa 15 kwa wiki. Akiomba mwenyewe kuingizwa, bado nitalazimika kumchangia. Lakini wangapi wetu wanajua kwamba wanaweza kuomba?

Bima ya mwajiri haina mjadala: ni lazima ikinge angalau paundi milioni 5, na ukikamatwa huna, faini inaweza kufika paundi 2,500 kwa kila siku. Mtu akiteleza kwenye sakafu uliyomtuma apige deki, au akachanganya dawa ya choo na bleach akavuta ule moshi, utaomba Mungu uwe nayo.

Sasa tuje kwenye shemeji.

Hapa ndipo urafiki unapoharibika, kwa hiyo niseme wazi. Kabla mtu hajashika dekio, natakiwa kuhakiki haki yake ya kufanya kazi. Mwenye pasipoti ya Uingereza au Ireland naiangalia pasipoti. Mwenye viza ananipa shea kodi (share code), ile namba anayoitoa kwenye tovuti ya serikali, na tarehe ya kuzaliwa, naingia mtandaoni mimi mwenyewe, naona picha na masharti yake, nahifadhi. Nisipofanya hivyo na mtu akawa hana ruhusa, faini ni hadi paundi 45,000 kwa kichwa kwa mara ya kwanza, ukirudia hadi 60,000. Paundi 45,000! Nauza kila kitu na bado haitoshi. Kwa hiyo nikikuomba shea kodi, mdogo wangu, usininunie.

Wa kwanza kuniomba alikuwa kijana wa chuo, mstaarabu, mtoto wa mtu ninayemheshimu sana. Viza yake inamruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na yote yameshaliwa na ghala anakofanya. Masaa 20 ni ya waajiri wote kwa pamoja. Akaja mama mwenye viza ya kazi ya kuhudumia wazee, anataka nyongeza ya jioni. Usafi haumo kwenye kazi za ziada ambazo viza hiyo inamruhusu. Wote wawili waliniambia neno lile lile: "Dada, si unilipe mkononi tu?" Inauma kukataa, kwa sababu najua kodi ya chumba ni bei gani na najua huyo mtu anatuma pesa nyumbani. Lakini huyo huyo ndiye atakayepoteza viza.

Kuna bosi mwenzetu mwenye timu kubwa, yeye ana dawa yake: wote anawaita wamejiajiri, hana likizo ya kulipa, hana pensheni, hana PAYE. Nimemsikiliza kwa makini, maana gari lake ni zuri kuliko langu. Lakini mtu ambaye mimi nampangia saa ya kuingia, nampa sabuni na mashine, namvalisha fulana yenye jina langu, na hawezi kumtuma ndugu yake badala yake, amejiajiri wapi huyo? HMRC wanaangalia namna kazi inavyofanyika, hawajali mmeandikiana nini. Na kwa mwanafunzi ni mbaya zaidi, kwa sababu viza ya masomo haimruhusu kujiajiri hata kidogo. Unadhani umemsaidia, kumbe umemvunjia masharti.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nyumba zote zinabaki mikononi mwangu, na mbili za Wellingborough nimezipa taarifa kwamba naziacha mwisho wa mwezi. Ofisi ya Brackmills nimemwajiri mama mmoja wa Bukavu, mkimbizi mwenye ruhusa kamili ya kufanya kazi, anakaa upande huo huo wa mji na mumewe anampitia saa tatu usiku. Nitamlipa 13 kwa saa. Najua inavuka ile kamba ya pensheni, kwani ni paundi 195 kwa wiki. Mchango wangu wa asilimia 3 unahesabiwa juu ya kinachozidi 6,240, kwa hiyo hautafika paundi 120 kwa mwaka mzima. Kumminya mtu kwa ajili ya hiyo pesa sikuona maana. Ukitoa mshahara, likizo, bima na sabuni, kwangu inabaki kama paundi 60 hadi 70 kwa wiki, na jioni zangu.

Zile za wapangaji wanaohama tutajaribu kwenda pamoja Jumamosi chache, kwa malipo ya ziada, tuone kama mwendo wetu unalingana. Mtu anaweza kuwa mzuri kwenye ofisi na akashindwa na oveni.

Wiki ya kwanza tunaingia wote, nimwonyeshe vitambaa: vyekundu vya choo, kijani vya jikoni, bluu vya meza. Na kabla ya kusaini na wale wa ofisi niliwaomba jambo moja, bei ipitiwe upya kila Aprili kima cha chini kinapopanda. Yule meneja alisita, akasema atauliza juu. Jibu limekuja jana kwa barua pepe: wamekubali. Wangekataa, nisingesaini.