Kuufuata wimbo ulikopita

Usiku huu nimeivunja orodha yangu ya nyimbo niliyokuwa nimeipanga kwa majina ya nchi. Ilikuwa orodha nzuri na ilinifikisha mbali: Mali, halafu Ureno, halafu Indonesia, kila nchi na nyimbo zake chache. Bila hiyo nisingeijua kora, ala ya nyuzi, ya Toumani Diabaté wa Mali wala sauti ya Amália Rodrigues wa Ureno. Lakini kadiri nilivyozidi kusikiliza, ndivyo nyimbo zenyewe zilivyozidi kukataa kukaa pale nilipoziweka. Wimbo wa Kinshasa ulinipeleka Havana. Wa Addis Ababa ulinipeleka New York. Nimeamua kuzipanga upya kwa kufuata njia zilizopita, na ningependa kuandika sababu zake wakati bado zinanichemka kichwani.

Nianze na rumba, maana ndiyo iliyonifungua masikio. Katika miaka ya 1930 santuri za mfululizo uliojulikana kama GV zilianza kuuzwa Afrika, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Muziki huo ulikuwa umezaliwa na vizazi vya watu waliovushwa Atlantiki katika utumwa, wakiwemo wengi waliotoka Kongo. Kwa hiyo santuri zilipofika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, vijana walisikia kitu kigeni chenye damu yao ndani yake. Wakaimba kwa Kihispania cha kubahatisha, baadaye kwa Kilingala, na kazi iliyokuwa ya piano wakaikabidhi kwa gitaa. OK Jazz ya Franco Luambo ilianza mwaka 1956. Joseph Kabasele na African Jazz wakatoa "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, wimbo wa uhuru wa Kongo uliobeba mtindo wa Kuba hadi kwenye jina lake.

Habari hii nilikuwa nimeisoma zamani. Kuisikia ni jambo jingine kabisa. Chukua wimbo wowote wa son, mtindo wa Kuba, wenye piano, usikilize kile kipande kifupi kinachojirudia chini ya mwimbaji, kikizunguka bila kuchoka. Kisha, bila kusimama, weka gitaa la Docteur Nico wa African Jazz. Vidole vinazunguka vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba gitaa linapofika kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya gitaa na kucheza, huiacha ile kazi ya kumsindikiza mwimbaji, likashika usukani lenyewe, na wimbo mzima ukaanza kukimbia. Hapo ndipo Kongo inapoacha kuwa mwanafunzi. Nimezipanga nyimbo hizo mbili zifuatane kwenye orodha mpya, na sitaki chochote kikae katikati yao.

Njia hiyo hiyo inapita Dakar, ambako Orchestra Baobab walianza mwaka 1970 wakipiga muziki wenye mahadhi ya Kuba na sauti za Senegal. Inapita pia kwenye kisa kimoja ninachokipenda mno. Mwaka 1996, katika studio moja ya Havana, mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na wa Kuba. Wamali hawakufika. Waliokuwepo wakatafuta wazee wa Kuba waliokuwa karibu, Ibrahim Ferrer na Compay Segundo wakiwa miongoni mwao, na kilichorekodiwa ndicho Buena Vista Social Club, albamu iliyozunguka dunia kuanzia mwaka 1997. Ule mkutano uliokusudiwa ulikuja kufanyika baadaye, na albamu yake, AfroCubism, ikatoka mwaka 2010. Mtu anayezisikiliza albamu hizo mbili kwa kufuatana anasikia kitu kilichokosekana kwenye ya kwanza bila yeye kujua kwamba kimekosekana: ngoni (ala ya nyuzi) na balafoni (ala ya vibao vya kugongwa) za Mali zikiwajibu Wakuba kwa raha, kama ndugu waliokuwa na mazungumzo ya kumalizia.

Addis Ababa ilinishangaza zaidi. Mwanamuziki Mulatu Astatke alizaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1943, akasoma muziki Uingereza na Marekani, na albamu zake za mwaka 1966 zilirekodiwa New York zikiwa na ladha ya Amerika ya Kilatini. Aliporudi nyumbani aliichukua jazi na kuifunga kwenye skeli za Ethiopia, zile zenye noti tano zinazoacha nafasi pale sikio linapotarajia hatua. Vibrafoni yake, ala ya vibao vya chuma vya kugongwa, ndiyo inayonishika. Inalia taratibu, kila noti ikiachwa iishe yenyewe, huku ngoma chini zikiendelea na mwendo ambao si wa Addis peke yake wala wa New York peke yake. Nchi gani nimwandikie mtu huyu kwenye orodha?

Swali hilo lina historia. Tarehe 29 Juni 1987 watu wa kampuni ndogo za muziki walikutana katika baa moja ya London kutafuta jina la pamoja la kuweka kwenye rafu za maduka, kwa sababu wauzaji hawakujua rekodi zao waziweke wapi. Wakakubaliana kuziita muziki wa dunia. Nawaelewa, na bila wao rekodi nyingi zisingeuzwa kabisa. Hata hivyo jina hilo liliwaweka rafu moja waimbaji wa Bulgaria, wapiga mbira wa Zimbabwe na wacheza tango, ambao hawana kinachowaunganisha ila kutokea nje ya rafu nyingine. Tuzo za Grammy zenyewe zilibadilisha jina la kundi lao la muziki huo mwaka 2020. Orodha za mtandaoni bado zinaendesha rafu ile ile. Nimeona nyingi zenye ngoma na filimbi za bara zima, zimechanganywa ili zitulie chini ya mazungumzo ya watu, bila jina la mpigaji hata mmoja kupewa uzito.

Ninayoyasema juu ya orodha za kutengenezwa na mitambo si chuki. Algoriti za majukwaa haya hufanya kazi kwa namna rahisi kueleweka: waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule, basi nawe jaribu ule. Zimeniletea vitu vya ajabu. Chicha ya Peru, yaani cumbia iliyotoka Kolombia ikapewa magitaa ya umeme, niliipata hivyo, na Juaneco y Su Combo hawajatoka masikioni mwangu tangu hapo. Lakini mfumo unaofuata nyayo za wengi utakupeleka palipokanyagwa na wengi. Wimbo wenye wasikilizaji wachache una nyayo chache, na ndio unaohitaji mtu wa kukushika mkono.

Tena kuna suala la muda, na hili linaniuma. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, katika sekunde 30 hajaanza. Hajafungua hata kinywa! Kwenye "Enta Omri" ya mwaka 1964 okestra hupiga peke yake kwa dakika nyingi kabla yeye hajaingia, na akishaingia anaweza kuurudia mstari mmoja mara kadhaa, kila mara akiupitisha njia nyingine, huku ukumbi ukimpigia kelele aurudie tena. Wimbo mmoja unakaribia saa nzima, na huwezi kuukata bila kuuharibu, kwa sababu raha yake imo katika kungoja. Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani vivyo hivyo. Qawwali yake, yaani uimbaji wa Kisufi, huanza na harmonia (kinanda cha mvukuto), sauti zikijaribu njia, makofi yakiingia baadaye, kisha ngoma za tabla, na mwendo ukipanda hatua kwa hatua mpaka sauti inaacha maneno na kupaa kwa majina ya noti tu. Nimekutana na vipande vya dakika nne vya nyimbo hizi kwenye orodha maarufu, vimekatwa pale juu kabisa. Aliyevikata amehifadhi kilele na kutupa mlima.

Kwa hiyo orodha yangu mpya ina nyimbo ndefu na haichanganywi. Kitufe cha kuchanganya nimekizima.

Orodha ninayoiheshimu kuliko zote haikutungwa kwa ajili yetu. Mwaka 1977 vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, vilirushwa angani vikiwa na santuri za shaba zilizopakwa dhahabu. Kikundi kilichoongozwa na mwanaastronomia Carl Sagan kilichagua vipande 27 vya muziki, kama dakika 90 hivi, viwafikie wasikilizaji ambao pengine hawapo. Leo unaweza kuvisikiliza kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ni wa kusomewa. Bach anafungua. Inafuata gamelan ya Java, kundi la ala za kugongwa, halafu ngoma za Afrika Magharibi, halafu wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri. Hakuna rafu. Bach hapewi rafu ya peke yake. Anakaa na wenzake. Kuna Guan Pinghu akipiga guqin, ala ya nyuzi ya China, kwa zaidi ya dakika 7, kuna Valya Balkanska wa Bulgaria na sauti inayokata hewa juu ya zumari za mifuko, na kuna Kesarbai Kerkar wa India, aliyefariki Septemba 1977, siku chache baada ya Voyager 1 kuondoka. Nimesikiliza sauti yake mara nyingi mno wiki hii. Sielewi neno hata moja, ila nasikia mahali anapovuta pumzi na mahali anapochelewa makusudi.

Gamelan ningeiandikia ukurasa wake. Niseme moja tu, kuhusu ile ya Bali. Ala zake huundwa kwa jozi, na moja hutengenezwa iwe juu kidogo ya mwenzake, ili zikipigwa pamoja sauti itetemeke hewani. Ule mng'ao unaousikia unatokana na tofauti hiyo ndogo iliyopimwa kwa makini na fundi. Tangu nilipojua hivyo siwezi tena kuisikia kama sauti ya usingizi.

Sasa nifike kwenye kinachonikesha siku hizi, ambacho ni kodiani, ile ala ya mvukuto inayobebwa kifuani.

Cyrill Demian aliisajili ala hiyo Vienna mwaka 1829, na baada ya hapo ikapanda meli na kuenda kila mahali. Ilikuwa nyepesi kubebwa, ilikuwa na sauti ya kujaza uwanja, na mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya bendi nzima. Ilifika Kolombia ikawa moyo wa muziki wa vallenato. Ilifika mpakani mwa Texas na Meksiko kupitia walowezi wa Kijerumani na Kicheki. Huko Lesotho iliwafuata wachimba migodi na kuzaa muziki wa famo, ambamo sauti ya mwimbaji na ya kodiani zinagombana hadi mwisho. Huko Madagaska ikampata Régis Gizavo, ambaye aliipiga kwa kasi inayonifanya nisahau kwamba ala hii imetoka Ulaya.

Nilikuwa nazipanga nyimbo hizi nilipoanza kusikia kitu kingine pembeni. Cabo Verde, kwenye muziki wa funaná, kodiani inafuatana na ferrinho: kipande cha chuma kinachokwaruzwa kwa kisu. Jamhuri ya Dominika, kwenye merengue ya kodiani, kuna güira, mkebe wa chuma wenye vipele unaokwaruzwa kwa uma wa waya. Louisiana, kwenye zydeco ya Clifton Chenier, mtu anavaa kifuani bati lenye mifereji na kulikwaruza. Kolombia kuna guacharaca, nayo inakwaruzwa. Sehemu nne, lugha tofauti, wakoloni tofauti, na zote zina kodiani iliyoshikana na mkwaruzo. Zote pia ni sehemu ambazo vizazi vya Waafrika viliipokea ala ya Ulaya na kuamua ihitaji nini.

Nadhani najua ilihitaji nini. Kodiani ni pumzi ndefu. Sauti yake inatanda na kufunika kila kitu, haina ukingo. Mkwaruzo unaikata vipande vidogo vidogo, na ghafla kile kilichokuwa wimbo wa kukaa kinakuwa wimbo wa kucheza. Jaribu funaná moja: sikiliza ferrinho peke yake kwa dakika moja, usiijali kodiani, halafu iruhusu kodiani irudi. Utaona miguu yako inamfuata yule mwenye kisu. Funaná yenyewe ilidharauliwa na kubanwa wakati wa utawala wa Wareno, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 ndipo kundi la Bulimundo lilipoichukua na kuitia umeme. Ninaposikia mkwaruzo ule sasa nasikia na ukaidi ndani yake.

Orodha hiyo ndiyo niliyokuwa nikiipanga hadi saa hizi. Imeanza na ferrinho, ikapita Santo Domingo, ikashuka Kolombia, ikapanda Louisiana. Kilichonisimamisha ni Luiz Gonzaga wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Kodiani anayo, ngoma ya zabumba anayo, lakini chuma chake ni pembetatu, inayogongwa bila kukwaruzwa. Kwa kanuni niliyojiwekea hafai kuwemo. Nimeurudia wimbo wake mmoja tena na tena nikiifuata pembetatu tu, jinsi mkono wa pili unavyoishika na kuiachia ili mlio uzibwe na kufunguliwa, na inaikata kodiani vile vile, kwa mapigo yaliyosongamana hivyo hivyo. Nimemweka kati ya Kolombia na Louisiana. Kesho nitazisikiliza zote kwa mfululizo nione kama anakaa.