Niliyemwomba aniulize

Ukifanya kazi hotelini huku Paje, Zanzibar, Jumapili ni siku ya kazi. Wageni wanataka chai yao, na kanisa letu la Mkunazini liko mjini, zaidi ya saa nzima kwa daladala. Sisi Waanglikana wa bara tunafika ibadani ofu ikiangukia siku hiyo tu. Mke yuko Muheza, padri yuko mjini, tipu ziko mfukoni kila usiku. Mtu anaweza kumaliza msimu mzima asijulikane kama bado anasali.

Ushirika tulikuwa nao. Wafanyakazi wachache tulikutana, tukaimba, tukaombeana. Lakini tulivyoulizana! "Unaendeleaje kiroho, ndugu?" "Namshukuru Mungu." Imeisha hiyo. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyesema kitu.

Nikamfuata kaka mmoja mpishi, mkubwa kwangu kiumri, nikamwomba awe ananiuliza, nami nimuulize. Nilimchagua kwa sababu mbili: hana midomo, na si bosi wangu. Supavaiza wangu ni mlokole mzuri tu, lakini anayepanga shifti zako huwezi kumwambia yote. Kaka alicheka. "Na wewe utanivumilia?" Kisha akasema maswali yawe ya kujibika, siyo ya kuitikia.

Tunakaa nyuma ya jiko baada ya chakula cha usiku, juu ya kreti za soda, yeye bado kavaa aproni. Anauliza: wiki hii umepata tipu kiasi gani, na nyumbani umetuma ngapi? Shemeji mliongea lini, mkazungumza nini zaidi ya ada? Baada ya kazi ulikuwa wapi, na nani? Umesoma nini katika Neno? Siku ya kwanza nilipotaja kiasi nilichotuma, alinyoosha mkono bila neno, nikampa simu, akasoma ujumbe wa muamala kisha akanirudishia. Nami zamu yangu nikanyoosha mkono vile vile. Kusema kweli, hapo ndipo nilipomwamini.

Swali la fedha ndilo lililofungua mengine. Baadaye nikaja kujua kwamba madarasa ya John Wesley, yaani vile vikundi vidogo vya Wamethodisti wa kwanza, nayo yalianzia kwenye fedha. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wake walikuwa na deni la jengo. Wakagawana watu 12 kwa kila kiongozi, awe anawazungukia kila wiki kupokea peni moja. Waliokwenda kuchukua peni wakakuta majumbani ulevi na ugomvi wa mke na mume, mambo ambayo mhubiri hakuwa akiyaona. Wesley, aliyebaki kasisi wa Kianglikana hadi kufa kwake, akaona hicho ndicho walichokuwa wakikikosa.

Jambo moja tulilishikilia kuliko yote: la kreti linabaki kwenye kreti. Nyumba ya wafanyakazi ni ndogo, na umbeya wa Wakristo una mlango wake wa heshima: "Tumwombee ndugu fulani, anapita kwenye jaribu." Kabla ya amina, kila mtu ameshajua jaribu lenyewe. Yakobo 5:16 inasema tuungame sisi kwa sisi na kuombeana. Haisemi tuungamiane habari za wengine. Kwa hiyo jambo la kaka silitaji penye ushirika mpaka alitaje mwenyewe.

Masika hoteli ikifunga, yeye hurudi Tanga, tukabaki na simu. Simu ni ngumu zaidi. Uso huuoni, na mtandao ukikatika kwenye swali la tatu hujui kama ni mtandao kweli. Nikimshuku, namwambia washa kamera.

Sasa mlinzi wa getini naye ameomba kuingia. Kaweka sharti lake: habari ya matoleo ya kanisa asiulizwe mpaka alipwe malimbikizo ya mshahara. Kaka amekubali, ila amemwambia ataanza na lile la shemeji.