Koo 36 za mukinduri: nilivyozipata na ninavyozitunza

"Tafuta mti mmoja unaozaa kuliko yote, uzalishe huo peke yake." Niliambiwa hivyo mwaka 2015 kwenye semina moja hapa Nairobi, na mpaka leo nikikumbuka nakereka. Niliufuata ushauri ule neno kwa neno, ukanila miaka miwili na miche karibu mia nne.

Mukinduri kila mkazi wa Nairobi amewahi kupita chini yake, hata kama jina halijui. Ndio ule mti mrefu wa majani ya kijani juu na rangi ya fedha chini, umejaa Karura na kwenye nyua za Karen, njugu zake zikianguka kwenye mabati usiku unadhani mtu anarusha mawe. Kitaalamu ni Croton megalocarpus, mti wetu wa asili Afrika Mashariki. Njugu moja ina mbegu tatu, na karibu theluthi ya uzito wa mbegu ni mafuta. Hayaliwi, lakini dizeli ya mimea yanatoa. Mimi nilikuwa na kitalu Dagoretti, nauza maua na miti ya ua, nikaona hapa ndipo pangu.

Mti wa semina niliupata kwa mzee mmoja Karen. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Mzee akaniambia, "Chukua zote, kijana wangu, zinaniziba mifereji ya paa." Nikajaza magunia mawili. Mambo ya kitaluni sina haja ya kuyaeleza. Miche ilitoka yote kimo kimoja, nami nikafurahi sana, nikaipeleka kwenye ploti yetu Kitengela mvua za Aprili 2016.

Kisha mvua zikakata. Ule ndio ukame ambao Februari 2017 serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa. Asubuhi moja nilifika shambani nikaona safu zote zimebadilika rangi. Majani yalikuwa yamejikunja, upande wa fedha umegeuka juu, yaani shamba zima jeupe kama limenyunyiziwa jivu. Nilivunja kijiti cha mche wa kwanza, kikakatika kikavu. Wa pili vilevile. Nilitembea safu baada ya safu navunja, mpaka nikafika kwenye ua wa nyuma, hapo kijiti kikapinda bila kukatika na ndani kikawa kibichi. Nikahesabu miche saba iliyo hai. Nilisimama pale nikijiuliza imetoka wapi, kisha nikakumbuka: shangazi alikuwa ameniletea gorogoro moja ya njugu kutoka Machakos, na mimi nilizitumia kuziba mapengo. Udongo ni ule ule, maji yale yale. Kilichotofautiana ni mama.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa hasira. Jatrofa (mbono kaburi, mmea mwingine wa dizeli), iliyowaingiza wakulima wengi hasara nchini mwetu, nayo ilikuja Afrika kwa mbegu chache kutoka Amerika ya Kati, na wanaopima jeni zake wanakuta za nchi hii na nchi ile zinakaribiana mno. Mwaka 2009 utafiti ulioshirikisha KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, na ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto cha miti, ulikuta mavuno yake kwa mkulima mdogo ni duni, ukashauri ipandwe kama ua tu. Mchikichi nao una hadithi yake. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi wa Afrika ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, Indonesia, na kizazi cha ile minne ndiyo michikichi mama iitwayo Deli, ambayo mpaka leo inatumika kutoa mbegu chotara. Wazalishaji wa Malaysia walipoona ile minne ni msingi mwembamba wa jeni, ilibidi miaka ya 1970 waende Nigeria kukusanya mbegu za michikichi ya porini. Sasa sisi mti wetu wa asili bado umesimama hapa hapa, kila mmoja na damu yake, halafu mtu anatwambia tubaki na mmoja!

Kanuni ya wakusanyaji mbegu ni miti mama isiyopungua 30, na kati ya mmoja na mwingine uache kama mita mia, kwa sababu majirani mara nyingi ni ndugu. Mimi nilipata 36. Mingine ni ya Nairobi yenyewe, ya msituni nikiwa na kibali, mingine ya Ngong, Machakos, Embu na Nyeri, njugu zikisafiri kwa matatu kama mzigo. Gharama kubwa ilikuwa nauli na chai ya watu, elfu kadhaa hivi kila msimu. Na tafadhali usiokote njugu kuukuu: mbegu yenye mafuta haikai, inachacha na kiini kinakufa.

Kuvunja ganda kulinitesa. Jiwe linaponda mbegu, nyundo pia. Siku moja nimekaa kwa fundi wangu Gikomba nikisubiri jembe, nikaona jiliwa lake, lile wengi huita vaisi. Nikaibana njugu, mshono ukiangalia pembeni, nikazungusha mkono polepole. Ikalia "ta!" mara moja tu, ikagawanyika, mbegu tatu zikatoka nzima, zinang'aa. Fundi akacheka, akasema, "Sasa umenigeuzia duka, boss." Nilimlipa aniachie lile kuukuu, ninalo hadi leo.

Kila ukoo, yaani mbegu za mti mama mmoja, niliutenga. Wino hufutika kwa jua, hivyo nilikata vipande vya makopo ya soda nikachora namba kwa msumari: K7 wa Karura, M3 wa Machakos. Vinasomeka hata baada ya miaka sita. Wakati wa kupanda sikutaka ndugu wakae karibu, wasije wakachavushana wenyewe kwa wenyewe. Nikakusanya vifuniko 36 vya soda, nikaviandika, nikavitia kwenye beseni, watoto wa jirani wakawa wanavuta kimoja kimoja na kuniitia namba. Kila beseni lilipoisha tulianza upya, mara 12, na ndugu waliogusana tuliwabadilisha nafasi. Miche 432 ikaingia ardhini Aprili 2018, mvua inatupiga mgongoni.

Mavuno ya kwanza ya maana yalikuja 2022, katikati ya ukame mwingine. Iliyokufa haikufika robo, na hakuna ukoo uliokwisha wote. Fundi alinitengenezea kikamulio cha jeki ya lori, nikapima kilo moja moja ya mbegu za kila ukoo. Uzao wa mti wa Karen, ambao niliurudisha kama ukoo mmoja tu kati ya 36, ulinipa njugu nono zenye mbegu nyembamba na mafuta haba. Aliyeongoza ni E2, mtoto wa mti uliopinda wa Embu, njugu zake ndogo kama za kutupa: karibu robo lita kwa kilo, mara mbili ya wa Karen. Kwa kanuni ya semina mti ule nisingeuangalia mara mbili.

Hata hivyo sikumzalisha E2 peke yake. Ningechagua miti bora ya shamba zima, yote ingetoka koo tatu nne. Kwa hiyo nachagua miwili bora ndani ya kila ukoo, hata ukoo wenye mafuta kidogo, maana huenda ndio wenye mizizi ya kustahimili Kitengela. E2 namwongezea nafasi kidogo tu. Na akiba ya kila ukoo nimeipanda pia kwa shosho wa mke wangu huko Limuru, moto ukipita kwangu zibaki kwake. Yeye anachotaka ni maua ya nyuki, na mashudu anayaweka kwenye sukuma wiki.

Mbegu za kizazi cha pili nimezitia udongoni mwezi uliopita, vitanda 36, kila kimoja na kipande chake cha kopo. Leo asubuhi E2 na K7 zimeinua udongo. M3 bado, lakini nimechimbua moja kwa kidole nikakuta mzizi mweupe umeshatoka, nikaifunika tena.